Kuandaa maji ya boti kabla ya winta: upepo, antifrizi ya pinki au hita, ipi inakufaa?

Mi nimekulia Tanga. Kwetu boti inapumzika kusi ikichachamaa, mnaipandisha mchangani, mnaikwangua, mnaipaka shahamu, alafu mnakaa kusubiri bahari itulie. Maji ya kunywa yako kwenye dumu, mambo ya paipu huna habari nayo. Sasa huku Duluth, Minnesota, kwenye Ziwa Superior, boti inapandishwa yadi mwezi wa kumi na haigusi maji tena mpaka wa tano, hapo katikati usiku kufika -25 Selsiasi hakuna anayeshangaa, na boti yenyewe ndani ni nyumba nzima, ina tangi, pampu, hita ya maji moto, sinki mbili, choo, shawa, na bomba lingine huko tezi, nyuma ya boti, la kujimwagia ukitoka kuogelea. Popote maji yanapopita, ukiyasahau humo, mwezi wa tano utalia.

Nimeandika hii kwa sababu jamaa zangu wawili wamenunua boti za mkononi mwaka huu na kila mmoja kaniuliza kivyake, hivi nipulize upepo au niweke pinki, yaani ile antifrizi, dawa ya kuzuia paipu zisipasuke kwa baridi? Jibu langu ni inategemea boti yako ikoje na inalala wapi, kwahiyo nitaziweka njia zote hapa uchague mwenyewe, ila na mi nina upande wangu na sitauficha.

Kwanza ujue nini kinapasuka. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, yaani lita 10 zinataka nafasi ya karibu lita 11. Paipu za plastiki zilizoko kwenye boti nyingi za siku hizi zinavumilia kidogo, zinatanuka na kurudi. Zinazokufa ni zile sehemu ngumu ndogo ndogo, kichwa cha pampu, kikombe cha chujio, ndani ya bomba la shawa, viungo vya plastiki, na tangi la hita likiachwa limejaa. Alafu kuna kitu wengi hawakijui, barafu ikiziba paipu sehemu moja, maji yaliyobanwa kati ya hiyo barafu na bomba lililofungwa ndiyo yanapata presha ya ajabu, unakuta paipu imepasukia mbali kabisa na pale palipoganda. Ndio maana njia yoyote utakayochagua, ukimaliza acha mabomba yote wazi winta nzima.

Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kishamba. Nilifungua mabomba yote nikawasha pampu mpaka ikaanza kukohoa, nikaona hewa tupu inatoka, nikajua kazi imeisha, nikafunga turubai nikaenda zangu nyumbani. Mwezi wa tano nimejaza tangi, nimewasha swichi, pampu inanguruma haitaki kuzima. Ikijaza presha huwa inajizima yenyewe, hii inaenda tu. Nikainua godoro, nikafungua ubao wa chini, ngama, yaani tumbo la boti, inajaa maji taratibu. Kichwa cha pampu kina ufa mwembamba kama unywele, kikombe cha chujio kimegawanyika vipande viwili safi kabisa kama mtu kakata kwa kisu, na lile bomba la tezi, ambalo sikulikumbuka hata kidogo, mpini wake umechanika. Maji yaliyofanya uharibifu wote ule ukiyakusanya hayajazi kikombe cha chai. Hii ya kikombe cha chai ikumbuke kwa sababu nitairudia.

Haya, njia ya kwanza, upepo. Unamwaga tangi, unamwaga hita, alafu unaunganisha kompresa kwenye ile sehemu ya kuingizia maji kutoka gatini, kuna adapta inauzwa dola chache tu, na kama boti yako haina hiyo sehemu unachomoa mpira unaotoka kwenye pampu unaunganishia hapo. Presha weka psi 30 hivi, usipite 40, tairi la gari dogo tu linakula 32 kwahiyo usijione mnyonge. Watu wanafikiri wakipandisha presha maji yatatoka zaidi, wapi, utang'oa viungo. Kinachosukuma maji ni wingi wa upepo, kwahiyo kile kipampu kidogo cha tairi cha kuchomeka kwenye gari hakifai hapa, kinapumua kama mgonjwa, tafuta kompresa yenye tangi lake. Unafungua bomba moja moja, unaanza la mbali, upande wa maji baridi alafu wa moto, mpaka litoe ukungu tu, unafunga unaenda linalofuata, ukimaliza mzunguko unarudia mzunguko mzima tena kwa sababu maji huwa yanatiririka kurudi chini wakati we uko kwingine.

Uzuri wake ni kwamba hununui dawa kila mwaka, na mwezi wa tano huna cha kusuuza, unajaza tangi unakunywa. Kompresa ukiwa nayo unaitumia na kwa matairi na kwa mengine. Ubaya wake ni kwamba upepo ni mvivu, ukishapata njia ya kupita juu ya maji unapita hapo hapo, maji yaliyolala kwenye bonde la paipu unayaacha yamelala. Ila hapa watu wanaogopa zaidi ya inavyostahili, manake maji kidogo yaliyotandaa ndani ya paipu yakiganda yana nafasi ya kutanukia, hayapasui kitu. Tatizo ni yale yaliyokaa kwenye vijumba vidogo visivyo na nafasi, kichwa cha pampu, valvu zisizorudisha maji nyuma, pampu ya kunyonya maji ya shawa chini. Vile vikombe vya chai. Upepo hauvifikii vizuri, na pampu yenyewe mara nyingi hata haipo kwenye njia ya upepo kwa sababu we umeingilia mbele yake.

Njia ya pili, antifrizi ya pinki. Nakuomba kabla ya kulipia geuza galoni usome nyuma. Unatafuta propilini glaikoli. Ile kulanti ya kijani ya gari ni ethilini glaikoli, maneno yanafanana ukiwa na haraka, lakini ile ni sumu, na ubaya zaidi ina utamu utamu, inaua figo za mtu na za mbwa, kwenye maji ya kunywa haiingii hata tone. Na kuna pinki za bei chee ambazo ndani ni spiriti au mchanganyiko, zinazuia kuganda kweli lakini zinashika moto, zinakausha sili za raba, na harufu yake mpaka sama, yaani majira ya joto, inakatika bado unaisikia kwenye chai.

Kingine kinachochanganya watu ni ile namba kubwa ya mbele. Galoni imeandikwa -50, hiyo ni Farenhaiti, sawa na -46 Selsiasi, mtu anajua itabaki maji maji mpaka hapo. Hapana. Hiyo ni kiwango cha kutopasua paipu. Kuanza kuwa uji uji inaanza mapema sana, kwenye -10 Selsiasi hivi, ila ule uji ni laini, unasogea kwenye nafasi, haubani. Kwahiyo ukichungulia mwezi wa kwanza ukaona uji wa pinki kwenye kikombe cha chujio usipige kelele. Cha kupigia kelele ni kuichanganya na maji. Hii ya -50 imeshachanganywa maji kiwandani, haina akiba ya kuongezewa. Sasa we chini ya tangi umebakiza lita 8 ambazo pampu haizifikii, ukamwaga galoni mbili juu yake, yaani lita 7 na nusu, hapo una nusu kwa nusu, kinga imeanguka vibaya, lakini kwa macho bado ni pinki, inatoka bombani pinki kabisa, moyo unatulia bure. Mi nina refraktomita, kile kidude cha kuchungulia kama darubini, unadondosha tone kwenye kioo unasoma mstari wa nguvu ya kinga iliyobaki. Nilinunua baada ya yale ya mwaka wa kwanza. Kama huna, acha itoke kila bomba mpaka rangi iwe kali sawasawa na iliyoko kwenye galoni, siyo ile ya kama sharubati iliyoongezwa barafu.

Kwenye pinki kwenyewe kuna njia mbili na tofauti yake ni pesa. Ya kwanza unamwaga kwenye tangi la maji, unawasha pampu, inasambaa yenyewe. Rahisi, lakini inakula galoni nyingi kwa sababu ya yale maji ya chini na kwa sababu ya hita. Hita yetu inachukua galoni 6, kama lita 23, na pinki haiwezi kwenda kwenye mabomba ya maji moto kabla haijaijaza hita yote, kwahiyo galoni 6 zinaingia humo kukaa tu. Ya pili unachomoa mpira unaoingia kwenye pampu, unauchovya moja kwa moja ndani ya galoni, na hita unaiwekea baipasi, kipande cha paipu na valvu zinazounganisha maji baridi na ya moto bila kupita ndani. Sisi kwa njia hii tunatumia galoni 3 boti nzima na choo juu. Kwa ile ya kwanza tulitumia zaidi ya 12. Kit ya baipasi utaifunga mara moja kwa bisibisi na spana, asubuhi moja, mwaka wa pili imeshajilipa.

Ila baipasi maana yake hita lazima imwagwe kabisa. Zima umeme wake kwanza, acha ipoe, fungua koki ya chini alafu inua na ile valvu ya usalama ya juu ipate kupumua, la sivyo utakaa nusu saa unaangalia inatoa matone. Na kama hita yako inapashwa pia na injini, zile mpira mbili za kulanti ya injini ziache kama zilivyo, huo ni mzunguko mwingine na una antifrizi yake. Usije ukachomoa ukajaza ngama kulanti ya kijani, nimeshaona mtu.

Ladha. Watu wanalalamika pinki inaacha ladha kwenye maji, na kweli inaacha, hasa ukiipitisha kwenye tangi. Ukiipitisha kwenye pampu tu tangi linabaki safi, unasuuza paipu tangi moja au mawili ya maji povu likiisha basi. Kichujio cha maji ya kunywa, kile cha mkaa, toa kabla, uende nacho nyumbani au ukitupe, pinki ikiingia humo utainywa mpaka mwezi wa nane. Kuna wanaotia magadi soda kidogo kwenye maji ya kusuuzia, inasaidia. Jiki ni ya kuulia wadudu kwenye tangi mwanzo wa msimu, itumie baada ya kusuuza pinki yote itoke, alafu nayo uisuuze.

Njia ya tatu ni joto, yaani huondoi maji, unaacha hita ya umeme ndani ya boti winta nzima. Mi kwa yadi ya Duluth hii hata siijadili, boti iko juu ya vigogo upepo unaipiga pande zote, turubai ndio nguo yake ya pekee, we utapasha nini. Hii ni ya watu wawili tu. Mmoja ni anayeishi ndani ya boti, yupo kila siku, anaona. Mwingine ni yule ambaye boti yake inabaki majini sehemu za baridi nyepesi, pale maji ya nje yenyewe yako juu ya sifuri kwahiyo ngama inapata ahueni, na baridi kali inakuja siku mbili tatu kwa mwaka. Lakini hata huyo namuonea huruma, manake siku ya baridi kali ndio siku umeme unakatika. Texas mwezi wa pili 2021 mamilioni walikosa umeme wakati baridi imeshika, mabomba yakapasuka mpaka ndani ya nyumba za matofali, sasa boti inayotegemea kihita kimoja kilichochomekwa gatini unategemea nini? Na hita ya umeme kuwaka miezi bila mtu kwenye boti ya faiba yenye mito na mapazia, moto ukianza unahamia kwa jirani. Yadi nyingi zinakataza na mi niko upande wao.

Kuna wanaomwaga vodka kwenye tangi. Vodka ya asilimia 40 inaganda kwenye -27 hivi, kwahiyo kimahesabu ni sawa, lakini nayo ikikutana na maji yaliyobaki inapungua nguvu, na piga bei ya galoni tatu za vodka uone.

Njia ya nne ni kulipa yadi wafanye. Mamia ya dola kutegemea na urefu wa boti. Siwasemi vibaya, wengi wanajua kazi, ila fundi wa yadi hajui kwamba yule aliyekuuzia boti alijifungia bomba la siri kwenye omo, mbele ya boti, la kuoshea nanga. We ndio unajua, au utajua. Kama unalipa, mwandikie orodha ya kila mahali maji yanapotoka, na umwambie akuachie maelezo ya alichofanya. Soma na bima yako pia, nyingi hazilipi kitu kilichopasuka kwa kuganda.

Sasa upande wangu. Boti yetu tunamiliki watatu, mmoja ni Mkongo wa Bukavu, kakulia kando ya Ziwa Kivu ambalo barafu hailijui, huyu ni timu pinki damu. Nilipoleta kompresa alikaa pembeni akaniangalia akasema, "Kaka, miye sina wakati ya kupuliza mipira siku nzima." Tukabishana misimu miwili. Siku hizi tunafanya vyote, na siyo kwa ajili ya kusuluhisha, ni kwa sababu ya kikombe cha chai. Tunamwaga tangi, tunamwaga hita na kufungua baipasi, tunapuliza paipu zote, dakika 20 kazi yote ya upepo, alafu ndio pampu inanyonya pinki kutoka kwenye galoni mpaka kila bomba lionyeshe rangi. Upepo umeshatoa maji ya kuichanganya, kwahiyo pinki inafika ikiwa na nguvu yake yote, na inaingia kwenye vile vijumba upepo usivyofika, kwenye pampu, kwenye valvu, kwenye bomba la tezi. Choo tunachomoa mpira wa kunyonya maji ya ziwa tunauweka kwenye galoni tunapiga mkono mpaka bakuli lina pinki. Pampu ya maji ya shawa tunamwagia kikombe juu yake na kuiwasha sekunde chache. Pinki inayotoka nje tunaikinga kwa dumu, yadi haitaki iende ziwani na wana haki.

Lakini siyo kila mtu anahitaji hivyo. Kama boti yako ina sinki moja na tangi dogo na huna hita, achana na kompresa, galoni mbili za pinki na saa moja ya Jumamosi unamaliza. Kama una boti kubwa yenye mabomba kumi, mashine ya kufua na ya barafu, basi nunua kompresa, pinki peke yake itakufilisi, ila ile mashine ya barafu soma kitabu chake, zina valvu yake ndani ambayo haifunguki bila umeme. Kama uko sehemu ambayo baridi inafika -3 usiku mbili tatu, upepo tu bila pinki unatosha, fungua kichwa cha pampu ukimwage kwa mkono, ni skrubu nne. Na kama hupendi kabisa kitu chochote kwenye maji ya kunywa, nenda na upepo tu hata huku, lakini pampu na vichujio vitoe kabisa ulale navyo nyumbani. Kuna mzee hapa yadi anafanya hivyo kila mwaka, pampu yake inakaa winta kwenye rafu ya gereji karibu na rangi, na haijawahi kupasuka.

Injini ina hadithi yake, sijaigusa hapa, ila usiisahau, ile ikipasuka siyo dola mia.

Mwisho kabisa chukua selotepu, andika kwa maka HITA HAINA MAJI USIWASHE, bandika juu ya swichi ya hita yenyewe. Mwezi wa tano utafika umechangamka, utawasha swichi zote kwa kidole kimoja kama unapiga kinanda, na koili ya hita ikiwaka kavu inaungua hapo hapo. Nyingine bandika kwenye mlango iandike mabomba mangapi yako wazi. Yetu mwaka huu inasema 7, na la saba ni lile la tezi.